Kambi iliyobaki mahame: uchambuzi wa kisa kimoja cha bonde la Lukuledi

Kisa hiki kilianza na ombi la kawaida kabisa. Chama cha msingi cha wakulima wa korosho katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara, kiliiomba serikali ya kijiji eneo la kujenga ghala. Eneo kililolitaka ni ekari 12 zilizo kando ya barabara ya vumbi, karibu na kijito kinachomwaga maji yake katika mto Lukuledi, mahali ambapo zamani palikuwa na kambi ya watu wenye ukoma na baadaye makazi ya wasiojiweza. Ombi hilo liliugawa mkutano mkuu wa kijiji. Kuna waliosema kwamba pale ni mahame, hapana mwenyewe, na kwamba wakulima hawawezi kuendelea kulaza korosho zao chini ya maturubai kila msimu wakati ardhi imekaa bure. Wengine walisema pana makaburi, pana mizimu, na pana mambo yaliyofanyika ambayo hayajawahi kuelezwa, kwa hiyo pasiguswe.

Niliombwa, kama msaidizi wa kisheria, nitoe maoni ya maandishi kuhusu hali ya eneo hilo, na maoni hayo nimekwisha kuyakabidhi. Hapa naandika kisa chenyewe kwa ukamilifu, bila kutaja kijiji wala mtu, kwa kuwa mahame ya namna hii yako mengi kusini na maswali yake yanafanana. Nitasema mapema ninachokiamini baada ya kulichunguza jambo hili: karibu kila kilichoitwa siri ya kambi ile kilikuwa na mtu hai anayekijua, anayeishi ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Historia kwanza. Waanglikana wa UMCA, chama cha wamisionari kutoka Uingereza, walifungua misheni yao Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Ndanda mwaka 1906; kwa muda mrefu huduma ya ukoma katika nchi hii ya Wamakua, Wayao, Wamwera na Wamakonde ilitegemea zaidi misheni kuliko serikali. Wakati huo dawa ya maana haikuwapo. Mgonjwa alidungwa mafuta ya mbegu za mti wa Asia uitwao chaulmoogra, sindano yenye maumivu makali na faida ndogo, na hasa alitengwa na watu wake. Vidonge vya dapsoni, vilivyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuenea katika miaka ya 1950, ndivyo vilivyobadilisha mambo, kwa kuwa mgonjwa sasa aliweza kutibiwa akiwa nyumbani kwake. Lakini mwenye vidole vilivyofupika na mguu usio na hisia hakuwa na nyumbani pa kurudi kwa urahisi, na ndiyo maana kambi nyingi hazikufungwa siku dawa ilipofika. Baadhi ziligeuka kuwa makazi ya wazee na watu wenye ulemavu. Nunge ya Dar es Salaam na Sukamahela ya Singida zinajulikana kwa kuwahifadhi pamoja wazee na watu walioathirika na ukoma. Kambi ya kisa hiki ilipita njia hiyohiyo: ilianza na ukoma, baadaye ikapokea vipofu, watu waliopooza kwa polio na wazee wasio na ndugu, kisha ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kilichobaki juu ya ardhi si kingi. Kuta za matofali ya kuchoma za majengo mawili zimesimama hadi kimo cha dirisha. Mabati na mbao za paa ziliondolewa zamani na nyingine bado zinaonekana kwenye nyumba za kijijini. Kuna miembe iliyopandwa kwa mistari miwili iliyonyooka, kisima kilichofukiwa, na mfereji mwembamba wa saruji wenye kingo laini uliokaa usawa wa goti la mtu aliyeketi. Kwenye mwembe mmoja kinaning'inia kipande cha chuma cha reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kufungwa miaka ya mwanzo ya 1960. Kilikuwa kengele. Nyuma ya majengo, kwenye mteremko, yako makaburi.

Sasa niingie katika yale yaliyokuwa yakisemwa. La kwanza, na lililowatisha watu kuliko yote, lilikuwa la miguu ya miti. Katika chumba kidogo kilichobomoka upande mmoja, watoto waliokuwa wakitafuta ndege waliokota miguu iliyochongwa kwa mbao ngumu, mingine mifupi kama ya mtoto ilhali ina upana wa mguu wa mtu mzima, mingine imekatika mbele pasipo vidole. Kutokana na ugunduzi huo kikazaliwa kisa kwamba wagonjwa walikatwa miguu na kwamba sanamu zile zilitumika kuwafunga wasitoroke. Nimeukamata mguu mmoja mkononi. Umechongwa kwa uangalifu mkubwa. Kisigino kimeviringwa, upande wa ndani una shimo la kina kidogo mahali ambapo mguu halisi ulikuwa na kovu la kidonda, na chini ya wayo imechorwa namba kwa msumari wa moto: 207.

Wazee wa kijiji niliowauliza walinieleza walichosikia kwa baba zao. Hakuna aliyesema amekiona. Ndipo mtendaji wa kijiji aliponiambia, kama jambo la kupita, kwamba ng'ambo ya kijito kuna kaya chache za watu waliotoka kambini na vizazi vyao. Nilimuuliza kwa nini hawakuwapo kwenye mkutano mkuu. Alijibu kwamba wao huwa hawaji. Nilipofika huko, bibi mmoja ambaye ndiye mkubwa wao aliipokea shikamoo yangu na kunijibu swali hilohilo kwa namna nyingine: hajawahi kuitwa, na mbiu ya mgambo hupigwa ng'ambo ile ya pili tu.

Nilimwonyesha ule mguu. Aliugeuza kwa viganja vyote viwili, kwa kuwa vidole vyake havishiki, akatazama namba na kusema: "Huu si wangu, mjukuu wangu, huu ni wa mwenzangu aliyelala kule mteremkoni. Wangu una namba nyingine. Fundi alitupima kwa kamba, akachonga, halafu akashona kiatu juu yake, kwa sababu kiatu cha dukani hakijui mguu usio na vidole. Mwaka wa Uhuru mimi nilikuwa nimekwisha kuchakaza katambuga mbili."

Miguu ile ilikuwa kalibu za fundi viatu. Inafaa kueleza kwa nini kambi ya ukoma ilihitaji fundi viatu kuliko ilivyohitaji mtu wa kukata miguu. Bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Mguu unapopata ganzi, mtu hukanyaga mwiba, kaa la moto au jiwe na asijue. Jeraha huingia uchafu, huwa kidonda, kidonda hufika kwenye mfupa, na baada ya miaka ya kuumia na kupona mfupa hulika na kidole hufupika. Vidole havidondoki vyenyewe kama watu wanavyodhani. Kinachookoa mguu wa namna hiyo ni kuuloweka kwenye maji, kuupaka mafuta, kuukagua kila siku na kuuvisha kiatu chenye wayo mgumu wa tairi nje na mpira laini ndani, kilichokatwa kufuata umbo la mguu wenyewe. Ule mfereji wa saruji, ambao kijijini uliitwa josho la kuoshea maiti, ulikuwa mahali pa kulowekea miguu asubuhi. Bibi alinionyesha jinsi walivyokuwa wakiketi kwa safu.

Namba ndiyo iliyofungua swali la pili. Makaburi ya mteremkoni hayana majina. Kila moja lina kipande cha saruji chenye namba, na namba kubwa kuliko zote inayosomeka ni 318. Kwa miaka mingi kijijini ilisemwa kwamba watu 318 walikufa pale kwa mkupuo mmoja, kwa njaa au kwa dawa mbaya. Lakini makaburi yanayohesabika ni 61, na namba zake hazifuatani: 40 iko karibu na 191, na 12 iko mwisho wa safu mpya kabisa. Namba 207 ya kwenye kalibu ipo pia kaburini. Kwa hiyo namba zile hazihesabu vifo. Ni namba za kuandikishwa, ambazo mgonjwa alipewa siku alipofika na ambazo zilimfuata kwenye kiatu, kwenye daftari la dawa na hatimaye kwenye saruji. Inaniuma kwamba jina halikuandikwa pembeni ya namba. Lilikuwa linajulikana, na kuliandika kungegharimu dakika moja kabla saruji haijakauka.

La tatu lilihusu wagonjwa waliogeuzwa rangi. Hili halihitaji maneno mengi. Katika miaka ya 1980, baada ya Shirika la Afya Duniani kupendekeza mwaka 1981 kwamba ukoma utibiwe kwa dawa mseto, vidonge vilivyogawiwa vilikuwa rifampisini, dapsoni na, kwa wenye ugonjwa mzito, klofazimini. Klofazimini huigeuza ngozi kuwa nyeusi yenye wekundu, na rangi hiyo hupungua taratibu baada ya dozi kwisha. Waliowaona jirani zao wakibadilika hawakuambiwa sababu.

La nne ni la lori, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu ndilo lililobeba tuhuma nzito. Ilisemwa kwamba usiku mmoja lori lilikuja, likawapakia wote waliokuwa kambini, na hawakuonekana tena. Wengine wakaongeza kwamba walitupwa mto Ruvuma. Kisa hiki kina ukweli ndani yake, na nadhani ndiyo sababu kimedumu. Mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni lazima na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976, na katika mikoa hii malori yalihamisha watu wengi sana. Karibu kila ukoo wa bonde hili una kumbukumbu ya lori. Tofauti ni kwamba waliohamishwa wakiwa wazima walijua walikokwenda, kwa kuwa walikwenda pamoja, ilhali lori lililofika kambini liliwachukua watu ambao hakuna aliyetaka kuwafuata ili ajue walishushiwa wapi.

Kwa mujibu wa bibi, na kwa mujibu wa mzee mwingine wa ng'ambo ile niliyemuuliza peke yake bila bibi kuwapo, safari zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1974, mchana, na lori liliwachukua waliokuwa na nguvu ya kulima. Walipelekwa katika vijiji vipya ambako majirani waliwakatalia kuchota maji kwenye kisima kimoja nao. Kabla ya msimu kwisha kumi na wawili kati yao walikuwa wamerudi kwa miguu. Kwa kuwa kambi haikuwa na nafasi tena kwa watu waliohesabiwa kuwa wazima, walijenga vibanda ng'ambo ya kijito. Hizo ndizo kaya zilizopo leo. Safari ya pili ilikuwa siku makazi ya wasiojiweza yalipofungwa, zaidi ya miaka kumi baadaye. Waliobaki walikuwa sita, wasioweza kutembea au wasioona, na gari liliondoka kabla ya alfajiri kwa sababu mwendo ulikuwa mrefu. Masimulizi ya kijiji yamezishona safari hizo mbili zikawa moja: lori la mwaka 1974 limechukua giza la safari ya pili.

Jalada la ustawi wa jamii nililoonyeshwa linathibitisha kuhamishwa kwa watu sita kwenda katika makazi ya serikali ya mkoa mwingine. Katika orodha ya waliopokelewa huko yamo majina manne. Wawili hawamo. Bibi anawakumbuka wote wawili kwa majina na kwa sauti zao. Mmoja alikuwa kipofu aliyekuwa akipiga ile kengele ya reli. Swali la wawili hawa ndilo pekee, kati ya yote niliyoyakuta, ambalo halina jibu katika karatasi wala katika kumbukumbu za watu, na ni haki liulizwe rasmi kwa barua, kwa kutaja majina yao, badala ya kuachwa liendelee kuwa hadithi ya kutishia watoto.

Nirudi kwenye makaburi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kiini cha hoja ya kisheria. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi yahamishwe pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, lakini inataka wenye haki na makaburi hayo wapewe taarifa kwanza. Waliounga mkono ghala walisema hapana wenye haki, kwa kuwa ni mahame. Hata hivyo, chini ya mwembe wa mwisho, ule ulio karibu na mteremko, niliukuta unga wa mtama umemwagwa kwa kifungu kidogo. Kijijini wanasema ni kazi ya wachawi. Ng'ambo ya kijito wanasema ni wao, huutia kila mwaka kabla ya kupanda, na hawaujui uchawi. Makaburi yanayotolewa sadaka kila mwaka yana wenyewe.

Mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba makaburi yote ni ya Wakristo, kwa kuwa yamelala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo ingetosha kuliandikia kanisa. Hoja hii ingefaa mahali pengine, lakini hapa kwetu haisimami. Kutoka Mtwara, kibla iko karibu kaskazini kabisa. Maiti ya Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia ikielekea kibla, na kwa hiyo kaburi lake nalo hulala mashariki kwa magharibi, sawasawa na la Mkristo. Bibi alizitaja safu za Waislamu bila kusita, na alijua ni nani kati yao aliyesomewa hitima na nani hakusomewa kwa sababu shehe wa kijiji hakutaka kuvuka kijito. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kwa mengine yote.

Kulikuwa pia na hofu kwamba kuchimba msingi pale kungeleta ukoma, na mfano uliotolewa ni wa kijana aliyecheza kwenye magofu utotoni na kuota mabaka miaka mingi baadaye. Ukoma huambukizwa kwa njia ya hewa, kwa kukaa muda mrefu karibu na mgonjwa ambaye hajatibiwa, na watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi yake. Dalili huweza kuchelewa kwa miaka mitano, na wakati mwingine hata 20, kwa hiyo haiwezekani kuyalaumu magofu kwa mabaka ya kijana yule. Mikoa ya Lindi na Mtwara bado ina wagonjwa wapya. Kijana alihitaji kupelekwa zahanati, ambako dawa ni bure, na nashukuru kwamba mganga wa zahanati alipopata habari alimfuata nyumbani siku hiyohiyo.

Jambo lililonipa shida zaidi lilikuja mwishoni. Familia ya aliyekuwa dresa wa kambi, yaani mhudumu wa kufunga vidonda, ilikuwa na daftari la wagonjwa, limeliwa na mchwa nusu, lenye namba, majina, vijiji na majina ya wazazi. Kabla halijafika kwenye mikono salama, kijana mmoja alilipiga picha kurasa kadhaa na kuzisambaza katika makundi ya simu, kwa nia njema, ili watu wawatambue babu zao. Kwa siku chache kulikuwa na furaha ya kweli. Mtu mmoja wa Nachingwea alilikuta humo jina la mama yake mzazi; tangu utotoni yeye aliambiwa kwamba mama huyo alifariki wakati wa kujifungua. Kumbe alizaliwa kambini, akaondolewa mikononi mwa mama baada ya kuachishwa ziwa kwa hofu ya ugonjwa, na mama aliishi miaka mingine mingi akiwa na namba 88. Siku hizohizo, familia nyingine ililalamika kwamba jina la babu yao limeanikwa na kwamba posa ya binti yao imerudishwa.

Wapo walionishauri kwamba jina la marehemu ni la historia na lisifichwe. Siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Taarifa za ugonjwa ni za siri kwa mwenye nazo, na unyanyapaa wa ukoma haumwishii marehemu, unawafuata wajukuu. Wakati huohuo siwezi kukubali kwamba namba ibaki kaburini kwa kuwaridhisha majirani. Nilishauri daftari lipelekwe kwenye mamlaka ya kumbukumbu na nyaraka, lisipigwe picha tena, na kila kaburi liandikwe jina pale tu ndugu wanapokubali. Pasipo na ndugu, watu wa ng'ambo ya kijito ndio waamue, kwa kuwa walikuwa ndugu kwa vitendo. Nilimuuliza bibi kuhusu lake, siku itakapofika. Akasema: "Liandikwe langu, na la baba yangu, na kijiji nilikotoka. Na namba waiache, nimeizoea."

Kuhusu ghala, maoni yangu yalikuwa mafupi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na mkutano ambao kitongoji kizima hakikualikwa hauwezi kutoa idhini iliyo safi. Isitoshe, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kuwabagua watu hawa katika mambo ya jamii yao. Ekari nne za upande wa barabara hazina kaburi wala jengo, na zinatosha ghala na uwanja wa malori ya korosho. Makaburi, miembe na chumba cha fundi vibaki, mipaka iwekwe, na ushuru wa miembe na mikorosho iliyopandwa na watu wa kambi uende kwa kaya zao, jambo ambalo halikuwahi kufanyika.

Mkutano wa pili uliitishwa kwa mbiu iliyopigwa pande zote mbili za kijito. Ombi la ghala lilipitishwa kwa ekari nne. Hoja ya ushuru wa miembe iliahirishwa baada ya mabishano marefu, na mwenyekiti ameahidi kuirudisha kabla ya msimu wa maembe. Barua ya kuuliza habari za wale wawili imetumwa kwenye makazi walikopelekwa wenzao, ikiwa na majina yao kamili kama bibi alivyoyatamka.